Rangi ya geti imebabuka kabla ya mwaka, tatizo ni rangi au fundi? (Kigoma mjini)

Mwana_Katubuka:

Wakuu mwakeye, hasa mliopo Kigoma. Naomba mawazo kabla sijatoa hela mara ya pili. Nina nyumba hapa Katubuka, geti la milango miwili upana mita tatu kwenda juu mita mbili na kidogo, nguzo zake ni mabomba, na grili za madirisha yote. Mwaka jana kiangazi fundi alipiga rangi nyeusi ya mafuta ikang'aa mpaka majirani wakawa wanaulizia namba yake. Mvua hazijakatika vizuri rangi ikaanza kubabuka, kwenye nguzo inatoka vipande vikubwa unavuta na mkono tu, kwenye mbao za geti (nasema mbao ila ni bati) kutu imetokea chini na kwenye maungio.

Sasa kaja fundi mwingine anasema tukwangue palipobabuka tu alafu tupige mkono mmoja juu yake, siku moja kazi imeisha. Mwingine anasema bila redi oksaidi (ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu) ni bure. Muuzaji wa hadwea yeye anasema tatizo nilinunua rangi ya bei ya chini nichukue ile ya gharama. Kila mtu na lake na pesa ni yangu.

Na kingine, ukuta wa sebuleni kwa ndani nusu ya chini tulipiga rangi ya mafuta ili watoto wakichafua tufute, sasa inatoa mapovu na ukigusa unadondoka unga mweupe. Nifanyaje, na mvua ndo hizo mwezi wa kumi hauko mbali.

Mchomeaji_Gungu:

Mkuu kabla ya kununua chochote chukua kisu au kiwembe nenda getini sahivi kukiwa bado na mwanga. Bandua ganda moja la rangi kwenye nguzo na lingine kule chini penye kutu, geuza uangalie mgongo wa ganda. Kama mgongo ni msafi na chuma ulichoacha kinang'aa kijivu kijivu basi rangi haikushika tangu siku ya kwanza. Kama mgongo una unga wa kahawia basi kutu ilikuwepo chini ikasukuma rangi juu. Kama mgongo una magamba meusi yanayong'aa kama ya bluu, hiyo ni ile ngozi ya kiwandani ya chuma kipya, fundi alipaka juu yake na ngozi yenyewe ndo imeachia sio rangi. Hayo ni magonjwa matatu tofauti na dawa zake tofauti, sasa mtu akikwambia "paka juu yake" bila kuangalia hata kimoja huyo anakisia tu.

Lete majibu tuendelee.

Kijana_wa_Kibirizi:

Mnachanganya watu bure, paka oili chafu ya gari geti zima, kutu inakufa, hela unabaki nayo unakula migebuka 😂

Hadwea_Mwanga:

@Kijana_wa_Kibirizi usimdanganye mwenzio. Oili chafu watu wanapaka kwenye mbao za paa sababu ya mchwa, huko sawa hakuna anayeshika. Kwenye geti kila atakayelisukuma anaondoka na mkono mweusi, watoto wa shule ndo usiseme na mashati yao, vumbi la Kigoma linaganda pale linakuwa tope jekundu, na siku akibadili mawazo akataka rangi basi ameshaharibu kwasababu rangi haishiki juu ya mafuta, labda aoshe na tapentaini na sabuni mpaka achoke. Nauza rangi kila siku wanakuja watu na hiyo kesi, rangi imebaki inateleza tu wiki nzima haikauki wanataka nirudishe hela. Sirudishi.

Mwana_Katubuka:

Mchomeaji nimeenda na tochi. Nguzo: mgongo msafi kabisa na bomba chini yake kijivu kinang'aa hamna kutu hata kidogo. Geti lenyewe chini: unga wa kahawia, kuna sehemu bati limeanza kuwa jembamba. Kwenye fremu za skwea paipu (mabomba ya pembe nne) kuna yale magamba meusi uliyosema, sio kote.

Mchomeaji_Gungu:

Basi unayo yote matatu kwenye geti moja, hongera 😀

Tuanze na nguzo. Hayo ni mabomba ya maji, yamepakwa zinki kiwandani, ndo maana hayana kutu. Rangi ya mafuta ya kawaida ukiipaka moja kwa moja juu ya zinki inashika vizuri tu mwanzoni, alafu polepole mafuta yaliyomo kwenye rangi yanakutana na zinki yanatengeneza kitu cha jamii ya sabuni pale katikati, na unyevu ukiingia ndo kabisa, rangi inaachia vipande vizima kama hivyo unavyovuta. Hapo hata ungenunua rangi ya gharama kuliko zote mtaa mzima wa Mwanga ingebabuka vilevile. Na redi oksaidi ya kawaida nayo nyingi ni ya mafuta, kwaiyo usidhani ukiipiga hapo umepona. Toa rangi yote kwenye nguzo, osha na maji na sabuni ya unga, suuza, ikauke, kwaruza kidogo na msasa laini ila usikwaruze mpaka umalize zinki maana hiyo ndo kinga yako ya kweli, alafu uliza dukani praima (rangi ya kwanza ya kushika chuma) ya mabati, soma kwenye kopo iwe imeandikwa inafaa kwa chuma chenye zinki. Juu ya hiyo ndo unapiga rangi yako. Au mie ningekuwa wewe ningeziacha nguzo na rangi yake ya kijivu, zinki haihitaji rangi kuishi. Ila najua mama nyumbani hatokubali.

Fremu za skwea paipu zenye magamba, hapo hamna njia ya mkato ni grinda na brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, au kama huna umeme getini ni brashi ya mkono na jasho. Magamba yaliyoshika kabisa yasiyotoka hata kwa kisu unaweza kuyaacha kwa kazi ya nyumbani, yanayotikisika lazima yatoke. Angalia sana pale palipochomewa, kuna yale mabaki ya kioo kioo na vitone vya chuma vilivyoruka wakati wa kuchomea, vyote vigongwe na patasi vitoke, rangi haikai pale na kutu huwa inaanzia hapo hapo kabla ya sehemu nyingine yoyote. Wenzetu wengi wanachomea saa tisa na saa kumi wanapaka rangi mteja aondoke na geti lake jioni, hata hawajafuta moshi.

Chini penye kutu, gusa na ncha ya patasi. Ikitoboka usipake, kata kipande uchomee bati lingine. Rangi haijazi tundu.

Mama_wa_Ujiji:

Naomba niseme la ukuta maana la chuma mnalijua nyie. Mwana_Katubuka hiyo nyumba ni ya matofali ya kuchoma? Na nje mmeweka bustani au mmemwaga zege juu kuliko zamani? Nauliza sababu nina vyumba vya wapangaji huku Ujiji na hiyo hali naijua, unyevu unatoka ardhini unapanda kwenye tofali, unabeba na chumvi za kwenye udongo na tofali lenyewe, ukifika juu maji yanataka kutoka hewani, sasa wewe umefunga ukuta na rangi ya mafuta hayana pa kutokea, yanasukuma rangi ndo mapovu, na yakipata upenyo yanakauka chumvi inabaki, ndo huo unga mweupe.

Ukikwangua ukapaka rangi ileile ya mafuta utakwangua tena mwakani. Anza nje. Udongo au zege likipanda juu ya ile DPC (tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi) maji yanaruka juu ya kinga yanaingia ukutani, kwaiyo shusha udongo. Angalia na maji ya paa yanadondokea wapi, kama hamna mfereji yanapiga chini yanarukia ukuta kila mvua. Ndani kwangua yote iliyolegea na lipu iliyooza pia, ule unga fagia kwa brashi kavu usiuoshe na maji maana ukimwagia maji chumvi inayeyuka inarudi ndani ya ukuta. Acha ukuta wazi ukauke, kiangazi hiki ndo wakati wake na kama haijakauka acha hivyohivyo mpaka mwakani, ukuta mbaya kidogo haujamuua mtu.

Kujua kama umekauka chukua mfuko wa nailoni mweupe unaoona, ukate uufungue, ubandike ukutani na selotepu pande zote nne usiingie hewa, uache kesho yake au zaidi. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, bado. Ukiwa umekauka piga rangi ya maji, hiyo inaruhusu ukuta kupumua, au chokaa kama hujali urembo.

Mwana_Katubuka:

Mama shikamoo, tofali za kuchoma ndio, na nje mwaka juzi tulimwaga zege kuzunguka nyumba yote ili kusiwe na tope. Limepanda kweli. Sasa watoto na mikono yao nitawafanyaje kwenye rangi ya maji?

Mama_wa_Ujiji:

Marahaba mwanangu. Zipo rangi za maji za kufutika, zile za silki, zinang'aa kidogo, ukifuta na kitambaa chenye maji zinavumilia. Sio kama ya mafuta ila zinavumilia. Ila nazo usikimbilie kuzipiga ukuta ukiwa mbichi, na kama ni lipu mpya mafundi wazuri wanasubiri wiki nne kabla ya rangi yoyote, simenti mbichi ni kali inakula rangi, ya mafuta ndo inaila kabisa.

Na hilo zege likate mfereji mdogo kando ya ukuta. Usilibomoe lote utalia.

Fundi_Kipilipili:

Kutu ya Kigoma ni sababu ya ziwa tu hamna kingine, hewa ya ziwa ina chumvi. Ndo maana mageti ya Tabora yanadumu.

Mzee_Bandarini:

Kijana, chumvi ipi. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, shuka Kibirizi uyaonje mwenyewe. Hewa ya chumvi ni ya Tanga na Dar huko, wenzetu wana shida kweli. Huku kinachokula chuma ni mvua, tuna mvua karibu milimita 1000 kwa mwaka na zinakaa miezi mingi mfululizo, na umande wa asubuhi. Chumvi ya hapa ni ile ya Uvinza, na kama una duka unapanga viroba vya chumvi vikigusa mlango wa chuma basi hapo nakubaliana na wewe, mlango utaliwa kuanzia chini.

Na kwakuwa tumefika kwenye ziwa niwape kitu. Ile meli ya Liemba mnayoiona bandarini ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona vita inawaelemea wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao wakapaka injini grisi nene sehemu zote. Baadaye Waingereza wakainyanyua 1924, na injini ikakutwa bado inafaa, ikarudi kazini 1927. Pamoja na kuzama kote kule chuma kikapona kwasababu maji na hewa havikukigusa.

Kijana_wa_Kibirizi:

Kwaiyo mzee unakubaliana na mimi, oili ipakwe 😂😂

Mzee_Bandarini:

Grisi ilipakwa kwenye injini inayozamishwa, haikupakwa kwenye geti la kuingilia wageni. Wewe kama unataka kulizamisha geti la mwenzio sema.

Mwana_Katubuka, kwenye meli tulichokuwa tunafundishwa ni kwamba rangi inakimbia kona. Ukipaka pembe kali ya chuma rangi ikiwa mbichi inajivuta inatoka kwenye ncha inabaki nyembamba sana pale, ndo maana utaona grili inaanza kutu kwenye pembe na kwenye maungio wakati katikati ni nzima. Kwaiyo kabla ya kupiga mkono wa geti zima chukua brashi ndogo upitie pembe zote, maungio yote ya kuchomea na vichwa vya nati, peke yake, mkono wa ziada. Ni kazi ya kuchosha na fundi wa kulipwa kwa siku hawezi kuifanya usipomsimamia. Pili, hizo skwea paipu ni tupu ndani. Maji yanaingia kwenye vitundu vya juu yanajaa chini yanaozesha kutoka ndani na wewe nje unapaka tu. Toboa tundu dogo chini kabisa ya kila paipu iliyosimama maji yatoke, na juu ziba.

Mchomeaji_Gungu:

Mzee kasema la maana hilo la tundu, nimefungua mageti maji yakamwagika kama bomba limepasuka.

Mwana_Katubuka:

Asanteni sana. Sasa vifaa. Fundi wangu alikuwa anachanganya rangi na petroli, anasema inakauka haraka. Ni sawa? Na ninunue kiasi gani, maana nataka kuja dukani na hesabu nisije nikauziwa.

Hadwea_Mwanga:

Huuziwi kwangu bana. Hesabu: geti lako mita 3 kwa 2.2 ni kama mita za mraba 6.6 upande mmoja, pande mbili 13 na kitu. Lita moja ya rangi ya mafuta inafunika kama mita za mraba 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja, chuma laini kinaenda mbali zaidi kidogo, chenye mabonde ya kutu kinakunywa. Kwaiyo mikono miwili ya rangi ni lita mbili na nusu hivi, na praima lita moja na nusu. Ukichukua galoni ya lita 4 inayobaki inaingia kwenye grili. Grili usihesabu kwa mita za dirisha, ni nondo na hewa, ila zinakula muda kuliko geti.

Petroli hapana. Inaruka haraka ni kweli lakini inapandisha mvuke unaowaka na kuna mtu pembeni anavuta sigara au grinda inatoa cheche, tumeona ajali. Mafuta ya taa nayo hapana, yanaacha utelezi rangi inachelewa kukauka na inapoteza mng'ao. Na kuna wanaoomba tina (thinner, ya kulainishia rangi), tina ile kali ni ya rangi za magari za kupuliza, ukiitia kwenye rangi ya mafuta ukapaka juu ya rangi ya zamani inaichemsha ile ya chini yote inakunjamana. Rangi ya mafuta inachanganywa na tapentaini, kidogo tu, nusu kikombe mpaka kikombe kwenye lita nne, soma kopo. Mafundi wengi wanapenda kuifanya uji mwepesi ili iende mbali, kopo moja wanamaliza nyumba, na wewe umebaki na rangi nyembamba ambayo jua la mwaka mmoja limeimaliza.

Na kabla hujafungua ikoroge mpaka chini kabisa ya kopo na kijiti kipana, ile nzito iliyokaa chini ndo rangi yenyewe. Watu wanapaka maji ya juu wanamalizia na tope la chini alafu wanasema kopo lilikuwa bovu.

Mama_Muuguzi:

Kabla hamjaanza kukwangua, je hiyo rangi ya zamani mnajua ni ya lini? Na hapo nyumbani kuna watoto nimeona. Rangi za zamani, na baadhi ya hizi za kung'aa hasa njano na nyekundu, zimekuwa na risasi, ile madini ya risasi, na hiyo ikiingia kwa mtoto inaathiri ubongo wake na hairudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwenye sehemu milioni. Kwa macho huwezi kujua, kwaiyo kaeni kama ipo. Msikwangue kavu na grinda karibu na mlango wa jikoni vumbi likaingia kwenye unga. Lowesheni, tumieni msasa wa maji, tandikeni turubai chini, maganda yote ya rangi yakusanywe yafungwe kwenye mfuko, fundi avae barakoa, na watoto wapelekwe kwa bibi siku hiyo. Maganda hayo yasichomwe moto pamoja na majani, moshi wake ni mbaya vilevile.

Mchomeaji_Gungu:

Muuguzi sawa, ila kwa chuma ukilowesha lazima kikaushwe siku hiyohiyo na praima iingie siku hiyohiyo. Chuma kikishakwanguliwa kikawa cheupe kikilala nje usiku mmoja na umande asubuhi kina unga wa rangi ya chungwa, unaanza upya. Mie huwa nagawa, bawa moja la geti leo, lingine kesho. Usisafishe geti zima alafu ukaenda kula.

Kijana_wa_Kibirizi:

Serious sasa wakuu, saa ngapi nzuri kupaka? Jua la saa saba si ndo linakausha vizuri?

Mchomeaji_Gungu:

Hapana. Chuma kinachounguza mkono usikipake, juu panakauka chini bado pabichi, panatoa malengelenge. Subiri umande uishe kabisa, saa tatu na nusu saa nne hivi, anza upande wenye kivuli uhame na kivuli. Maliza mapema alasiri ili usiku usiikute mbichi. Na mkono wa pili usubiri kesho yake, rangi ya mafuta haikauki kwa kuruka maji kama nguo, inakauka kwa kunywa hewa polepole, ukiipiga nene ili umalize mara moja juu itafunga ngozi ndani itabaki laini na itakunjana. Mikono miwili miembamba.

Alafu huu mwezi wa nane watu wanachoma milima, angalia upepo unatoka wapi, lile jivu jeusi likidondoka kwenye rangi mbichi ndo umeshapata nakshi. Na ukichelewa mpaka mvua za kwanza taa ya getini usiwashe usiku ule, kumbikumbi watajaa wote pale na mabawa yao.

Fundi_Kipilipili:

Mie nasema bado, redi oksaidi mikono miwili inatosha hata bila rangi ya juu. Mageti mangapi yako hivyo mwaka wa ngapi.

Hadwea_Mwanga:

Yapo na yamepauka yanaacha unga mwekundu kwenye nguo. Praima nyingi kazi yake ni kushika chuma na kuzuia kutu, haijatengenezwa kukaa juani, jua na mvua vinaifungua vitundu maji yanapita. Ukipiga praima ifunike na rangi ya juu mapema, usiiache mpaka mwakani ukisubiri hela. Kama hela haitoshi fanya geti tu, grili ngoja.

Mwana_Katubuka:

Nimeelewa, nitafanya geti kwanza na nguzo nitaziacha kijivu, nimeshaongea na mama watoto kakubali kwa shingo upande. Ukuta nakwangua jumamosi unakaa wazi. Swali la mwisho, bawaba na komeo nazo zinapakwa praima hiyohiyo? Maana fundi wa mwanzo alipaka kila kitu geti likawa linafunguka kwa mateke.

Mchomeaji_Gungu:

Sehemu zinazosuguana usipake. Kabla ya kuanza zungushia bawaba na ulimi wa komeo na gazeti na tepu, ukimaliza toa, safisha na brashi ya waya, weka grisi. Hapo Kijana wa Kibirizi ruksa kuleta ile oili yake ila iwe mpya. Na tundu la funguo liingize grafaiti, ule unga wa penseli, oili inakusanya vumbi humo ndani funguo inakwama.

Kijana_wa_Kibirizi:

Nashukuru angalau nimepata nafasi kwenye bawaba. Mchomeaji kazi kama hiyo unachukua bei gani nina mlango wa banda la kuku.

Mchomeaji_Gungu:

Siwezi kutaja bei ya mlango sijauona. Piga picha chini kabisa ulipogusana na zege, na nyingine kwenye bawaba, za katikati usinitumie.